Uyoga wa msitu wa Katanga: jinsi unavyotambuliwa, na kwa nini hakuna jaribio moja la sumu

Mvua zinapoanza kushika Lubumbashi, kwa kawaida kuelekea mwezi wa Novemba, akina mama husimama kandokando ya barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kipushi wakiwa na mabeseni ya uyoga uliochumwa alfajiri: tente wenye kofia pana nyeupe, uyoga mdogo wa manjano uliorundikwa kwenye sahani, na siku nyingine uyoga wa kichuguu ambao kofia yake moja hutosha kuwa kitoweo cha bukari, yaani ugali, kwa nyumba nzima. Mnunuzi kutoka mjini karibu kila mara huuliza, "Mama, huu hauna sumu?", naye hujibiwa kwamba hauna, watoto wa nyumbani wameukula jana. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli. Taabu huanza pale mnunuzi anapotaka kujua muuzaji amejuaje, au anapotamani kwenda porini kuchuma mwenyewe, kwa sababu hapo hukutana na kanuni nyingi zinazopingana, na baadhi yake zimewahi kuua watu.

Kanuni hizo zinajulikana kila mahali. Wengine husema utie sarafu au kijiko cha fedha ndani ya sufuria, na kikigeuka cheusi uyoga una sumu. Wengine hutumia kitunguu kwa namna hiyohiyo. Wako wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au konokono hauwezi kumdhuru binadamu, kwamba uyoga ambao ngozi ya kofia yake inachunika kwa urahisi ni salama, kwamba sumu huwa na rangi kali au harufu mbaya, na kwamba kuchemsha kwa chumvi na kumwaga maji ya kwanza huondoa kila ubaya. Uyoga unaoua kuliko wote duniani, Amanita phalloides, huufaulu karibu kila mtihani wa aina hiyo. Hauifanyi fedha kuwa nyeusi. Konokono huula bila kudhurika, kwa kuwa mwili wake haufanani na wetu. Ngozi yake huchunika vizuri. Rangi yake ni ya kijani iliyopauka au nyeupe, harufu yake ukiwa mchanga si mbaya, na watu walionusurika baada ya kuula wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Kuhusu kuchemsha inafaa kueleza zaidi, kwa sababu hapa ndipo desturi na kemia zinapokutana kwa sehemu tu. Zipo sumu za uyoga zinazoharibiwa na moto, na nyingine huyeyuka ndani ya maji na kumwagwa nayo. Kwa hiyo desturi ya kuchemsha na kumwaga maji haikubuniwa bure, na kwa aina fulani inasaidia kweli. Lakini amatoksini, sumu iliyomo ndani ya Amanita phalloides na jamaa zake wa karibu, haiharibiwi na kuchemsha, wala kukaanga, wala kukausha juani, wala barafu. Ikishaingia mwilini hukizuia kimeng'enya ambacho seli hukitumia kunakili maagizo ya jeni, na seli isiyoweza kunakili maagizo hayo haitengenezi protini mpya, hivyo hufa. Seli za ini huumia zaidi kwa sababu ndizo zinazoipokea sumu hiyo kwa wingi, kisha figo hufuata. Kofia moja inaweza kuwa na kiasi cha kumwua mtu mzima.

Ndiyo maana wanaoufahamu uyoga, wawe wataalamu wa chuo kikuu au wachumaji wa vijijini, hawaulizi kamwe kama uyoga una dalili ya sumu. Huuliza ni aina gani. Sumu haina alama yake ya pekee inayoonekana kwa macho. Aina ndiyo yenye alama, na ukiitambua aina kwa uhakika, usalama wake unajulikana kutokana na uzoefu wa watu walioila kwa vizazi. Kazi yote ya utambuzi iko katika swali hilo, na kwa maoni yangu kila njia ya mkato inayojaribu kulikwepa ifundishwe watoto kama kosa.

Utambuzi huanzia chini, mahali uyoga ulipoota, kabla ya kuitazama kofia. Kile tunachokichuma ni sehemu ya uzazi tu ya kiumbe kinachoishi ardhini kama wavu wa nyuzi nyembamba za kuvu, na nyuzi hizo huwa na njia yake ya kupata chakula. Katika miombo, yaani msitu ulio wazi unaoizunguka Lubumbashi, sehemu kubwa ya uyoga unaoliwa huishi kwa ushirika na mizizi ya miti. Nyuzi huifunika mizizi midogo, huipatia miti maji na madini, nazo hupewa sukari inayotengenezwa na majani. Ushirika huo huitwa mikoriza, na si kila mti huuingia kwa namna hii. Mutondo, muputu, museshi na musuku huuingia, na wachumaji wanajua kwamba tente hutafutwa chini ya miti ya namna hiyo. Kundi la pili ni uyoga wa mchwa, ambao haukui bila kichuguu. Kundi la tatu hula mbao zilizooza, na la nne hula majani makavu, samadi au nyasi zilizokufa. Mtu anayekuletea uyoga uliokwisha kung'olewa na kuoshwa, bila kukuambia uliota juu ya nini na chini ya mti gani, amekunyima nusu ya ushahidi.

Sasa tuutazame tente wenyewe, kwa sababu ndio mfano bora wa ugumu ninaouzungumzia. Jina lake la kisayansi ni Amanita loosii, lililotolewa na Mbelgiji Maurice Beeli katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu uliitwa pia Amanita zambiana, jina lililotolewa mwaka 1980 kutokana na uyoga wa ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini. Ni chakula kinachopendwa kuanzia Katanga hadi Zambia, Malawi na Tanzania. Una kofia nyeupe au ya rangi ya krimu, mara nyingi ikiwa na rangi iliyokolea zaidi katikati. Chini ya kofia yamo yale mapande membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, ambayo wataalamu huyaita lamela, nayo ni meupe. Shina lina pete, na chini kabisa, ndani ya udongo, limekaa katika mfuko mweupe ambao ni mabaki ya ganda lililoufunika uyoga wote ulipokuwa mchanga.

Msomaji aliyepata kufungua kitabu cha uyoga kilichoandikwa Ulaya atashtuka hapo. Lamela nyeupe, pete shinani na mfuko chini ya shina ni alama tatu ambazo vitabu hivyo humwonya mchumaji azikimbie zinapokutana, kwa sababu ndizo alama za Amanita phalloides. Onyo hilo ni la busara kwa mtu wa huko. Hapa kwetu linaukataza uyoga unaouzwa kuliko karibu mwingine wowote, na mtu anayeona kwamba kitabu kimekosea kuhusu tente anaweza kuamua kwamba onyo lote ni upuuzi. Kitabu hakikukosea. Tente na uyoga unaoua ni jamaa kweli. Jenasi ya Amanita imegawanywa katika mafungu, na tente umo katika fungu moja na Amanita caesarea, uyoga ambao Warumi wa kale waliuheshimu mezani na Waitalia wanaula hadi leo. Amanita phalloides na ndugu zake weupe wanaoua wamo katika fungu jingine.

Mafungu hayo mawili hutofautiana katika mambo ambayo jicho lililozoea huyaona na mengine yasiyoonekana kwa macho matupu. La kwanza la kutazama ni ukingo wa kofia: katika fungu la caesarea ukingo huwa na mistari mifupi iliyochorwa kwa mfululizo, kama ya kitana, na katika fungu la phalloides kwa kawaida ukingo huwa laini. La pili huhitaji maabara: spora, yaani chembe ndogo za uzazi, za fungu la phalloides hupata rangi ya kijivu-buluu zikitiwa katika myeyusho wa ayodini, na za fungu la caesarea hazibadiliki hivyo. Mistari ya ukingoni peke yake haitoshi kuwa cheti. Mvua na uzee huweza kuileta au kuificha, na wapo jamaa wengine wa Amanita wenye mistari ambao si tente. Kwa hiyo mchumaji mzoefu haitazami mistari tu. Huupima uyoga kwa kila kitu kwa pamoja: mti ulio juu yake, mwezi wenyewe, unene wa shina, umbo la mfuko, namna rangi ya katikati inavyofifia kuelekea ukingoni, na uyoga mwingine wa umri tofauti ulioota karibu.

Jambo hili la umri halisisitizwi vya kutosha. Uyoga mchanga wa Amanita, ukiwa bado ndani ya ganda lake, hufanana na yai jeupe, na wakati huo alama karibu zote zimefichika. Tente huchumwa na kuliwa hata katika hali hiyo na wale wanaopafahamu mahali ulipoota mwaka uliopita. Anayejifunza asiuguse ukiwa hivyo. Vilevile asikate shina kwa kisu juu ya udongo, kama watu wengi wanavyofanya ili uyoga ubaki safi, kwa sababu mfuko hubaki ardhini na hakuna atakayeweza kusema baadaye kama ulikuwepo. Uyoga wa kutambuliwa hufukuliwa mzima kwa kijiti, pamoja na kile kilicho chini yake.

Kufukua huko ndiko pia kunakoutambulisha uyoga wa kichuguu, na hapa kazi ni nyepesi zaidi. Jenasi yake huitwa Termitomyces, nayo inapatikana Afrika na Asia tu, kwa sababu inaishi na mchwa wa jamii inayolima kuvu kama chakula chao. Ndani ya kichuguu mchwa hujenga masega ya mimea iliyotafunwa, kuvu huyameng'enya, na msimu wa mvua ukifika uyoga hupasua udongo ukitokea huko chini. Shina lake, badala ya kuishia juu ya ardhi, huendelea kama mzizi mrefu mpaka kwenye sega. Ukifukua ukaukuta mzizi huo unashuka kuelekea chumba cha mchwa, umepata ushahidi mzito ambao uyoga wa aina nyingine hauna. Juu ya kofia, katikati, aina nyingi huwa na ncha ngumu iliyosaidia kupenya udongo. Hakuna aina ya Termitomyces inayojulikana kuwa na sumu. Kubwa kuliko zote, Termitomyces titanicus, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, inaweza kufikisha kofia ya upana wa karibu mita 1. Ndogo, Termitomyces microcarpus, haizidi sana upana wa ukucha na huota kwa mamia juu ya masega ambayo mchwa wameyatoa nje. Hiyo haina mzizi mrefu, kwa hiyo hata kanuni hii nzuri ina mwisho wake.

Anayechanganya uyoga wa kichuguu na mwingine kwa kawaida huuchanganya na Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa wenye magamba ya kahawia juu ya kofia nyeupe, unaoota penye nyasi, kwenye bustani na viwanja vya wazi katika nchi za joto. Hauui mara nyingi, lakini huleta matapishi na kuhara kukali ndani ya saa chache, na kwa mtoto mdogo upungufu wa maji ni hatari kubwa. Ukiwa mchanga lamela zake ni nyeupe kabisa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Unafichuliwa na spora zake, ambazo ni za kijani. Kuziona hakuhitaji darubini: kata shina, laza kofia juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi, lamela zikielekea chini, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi spora zitakuwa zimeanguka na kuacha unga wenye rangi. Uyoga wa kichuguu huacha unga wa rangi ya waridi iliyopauka, Amanita huacha mweupe, Chlorophyllum molybdites wa kijani. Unga huo hausemi kwamba uyoga unalika, kwa kuwa tente na phalloides wote huacha mweupe. Unasema tu ni aina zipi uziondoe kwenye hesabu, na kuondoa ni sehemu kubwa ya utambuzi.

Uyoga wa manjano na wa rangi ya machungwa, wa jenasi ya Cantharellus, ambao Wabemba huuita bwitondwe, ni wepesi kuliko hao, ingawa nao unaonyesha jinsi kanuni ya nchi moja isivyohamia nchi nyingine. Ulaya hufundishwa kwamba Cantharellus halisi hana lamela bali mikunjo mifupi butu. Katika miombo iko Cantharellus platyphyllus yenye lamela pana zinazoonekana wazi, na ni chakula kizuri. Kinachobaki ni kwamba lamela au mikunjo hiyo hushuka juu ya shina, kwamba uyoga huota ardhini karibu na miti ya ushirika, na kwamba nyama ya ndani imeshikamana na haina mfuko wala pete. Uyoga wa rangi ya machungwa unaoota kwa vishada juu ya kisiki hauhesabiwi hapa.

Tahadhari moja kuhusu majina. Jina la sokoni mara nyingi hukusanya aina kadhaa zinazofanana na kupikwa kwa namna moja, na jina hilohilo linaweza kumaanisha kitu kingine kwa mtu wa Kasai au wa Kivu aliyehamia huku. Wanasayansi wenyewe wameazima majina hayo, kama Lactarius kabansus, uyoga wenye utomvu kama maziwa uliopewa jina lake kutokana na kabansa, jina lake la kienyeji. Kwa mnunuzi jina la kienyeji ni mwanzo mzuri wa mazungumzo, lakini mtu asichume uyoga kwa kuwa tu ameambiwa jina lake.

Na uhamiaji unastahili kufikiriwa kwa uzito, kwa sababu maarifa ya uyoga ni maarifa ya mahali. Huko California wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki wameugua na kufa baada ya kula Amanita phalloides kwa kudhani ni uyoga wa mabua ya mpunga wanaoufahamu kwao, Volvariella volvacea, ambao nao una mfuko chini ya shina. Walikuwa wachumaji stadi. Ustadi wao ulikuwa wa msitu mwingine. Jambo kama hilo linaweza kutokea bila mtu kuhama, pale msitu wenyewe unapobadilishwa. Misonobari na mialoni iliyoletwa Afrika na wageni ilikuja na kuvu wake mizizini: Amanita phalloides imeota chini ya miti ya namna hiyo huko Afrika Kusini, na Amanita muscaria, yenye kofia nyekundu na madoa meupe, hufuata mashamba ya misonobari. Kwa sababu hiyo mama anayeujua tente wa chini ya mutondo tangu utotoni hana deni la kuujua uyoga mweupe ulioota chini ya msonobari katika ua wa nyumba ya zamani mjini, na afadhali auache.

Liko pia swali ambalo kutambua aina hakulijibu, na kwa Lubumbashi haliwezi kuachwa. Uyoga hukusanya madini kutoka udongoni, na aina nyingi huyalimbikiza kupita mimea ya kawaida. Tanuru la kuyeyushia shaba la mji huu lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka vumbi na moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, ambako udongo umebeba shaba, kobalti, risasi, kadimi na zinki. Uyoga wa aina nzuri kabisa uliochumwa katika njia ya moshi huo, au karibu na rundo la taka za mgodi, au kando ya mto unaopokea maji ya kiwanda, si chakula cha kumpa mtoto kila wiki. Madini hayaondoki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo "mumechuma wapi?" ni swali lenye haki sawa na lile la sumu.

Msitu wa kuchumia nao unasogea mbali. Miti inayokatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa, ni ile ile inayoshirikiana na tente na bwitondwe, na mti ukifa nyuzi zilizoushikilia hukosa chakula. Visiki vya miombo vikiachwa huchipua, na uyoga hurudi taratibu pamoja na miti mipya, lakini shamba likilimwa mfululizo haurudi. Hakuna anayeweza kuupanda tente bustanini kama vile mtu anavyofuga uyoga wa mbao, kwa kuwa hauishi bila mti wake.

Mtu akiugua baada ya kula uyoga, muda uliopita kabla ya dalili kuanza ni habari ya kwanza ambayo daktari ataihitaji. Matapishi yanayokuja ndani ya saa moja hadi tatu mara nyingi hutokana na sumu zinazochoma tumbo, ingawa nayo yanahitaji matibabu. Matapishi na kuhara yanayoanza saa 6 au 12 baadaye, au hata zaidi, yanatia shaka ya amatoksini, na hatari yake imejificha katika hatua inayofuata: baada ya siku moja hivi mgonjwa hupata nafuu, huketi, huomba chakula, na jamaa humrudisha nyumbani wakishukuru, wakati ini linaendelea kuharibika. Dalili za ini hutokea kuanzia siku ya tatu, na wakati huo nafasi ya kumwokoa imepungua sana. Mgonjwa asipewe mafuta wala dawa ya kienyeji ya kumtapisha. Apelekwe mara moja kwenye hospitali kubwa, na apelekewe pia mabaki ya uyoga mbichi, mzima ukipatikana, ukiwa umefungwa katika karatasi badala ya mfuko wa plastiki unaouozesha, pamoja na maelezo ya mahali na mti ulipoota. Kama hakuna uyoga mbichi uliobaki, chakula kilichopikwa, maganda yaliyotupwa na hata matapishi vina spora zinazoweza kutazamwa kwa darubini. Wote waliokula kutoka sufuria hiyo waende pamoja naye, hata wale wanaojisikia wazima, kwa sababu katika saa zile za mwanzo mtu aliyekula sumu hiyo naye hujisikia mzima.